Kura ya Lovada Slone

Ulikuwa mlio mmoja tu, mwembamba na mrefu, kama uzi wa banjo unaokatika katikati ya wimbo, na baada yake hakukuwa na kitu ila maji. Lovada alikuwa na miaka kumi na tisa alipousikia. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya baba yake, juu ya kilima cha Orlin, alfajiri ya mwezi wa Machi, blanketi mabegani. Kabla ya mlio ule alikuwa amesikia shoka likila mti. Mapigo matatu, yasiyo na haraka, ya mtu anayeijua kazi yake.

Mto Viney ulikuwa umepanda usiku kucha. Daraja la kamba za chuma, lile lililoiunganisha Orlin na Kambi ya Sita walikoishi wachimba makaa, lilikuwa bado linaning'inia, ingawa magogo na mabanda ya kuku na matakataka ya mto mzima yalikuwa yamekwama juu yake na kuyarudisha maji nyuma. Hershel, kaka yake Lovada, alikuwa amevuka muda mfupi kabla, taa mkononi, kwenda kumtoa Bibi Sarepta, mjane kilema aliyekaa peke yake katika nyumba ya chini kuliko zote kule Kambi. Alimbeba mgongoni mpaka mahali daraja linapoanzia. Daraja halikuwepo.

Bibi Sarepta alikutwa jioni akiwa hai, amefungwa kwa mkanda wa suruali ya Hershel kwenye panda ya mti mrefu wa ukingoni. Aliishi miaka minane zaidi, na kila mwanzo wa baridi alimpelekea mama yake Lovada soksi za sufu alizofuma mwenyewe, akaziacha ngazini na kuondoka bila kubisha hodi. Hershel alikutwa siku ya kumi na moja, huko chini Hazel Shoals, ameegemea mwamba kama mtu anayemngoja mwenzake. Mwamba ule mpaka leo unaitwa Mwamba wa Hershel. Watoto wa siku hizi huruka majini kutoka juu yake wakati wa joto, na ukiwauliza Hershel alikuwa nani watakuambia labda ni mtu aliyekuwa anauza mashamba.

Orlin yote ilisema mafuriko yamelichukua daraja. Lovada alisema hapana, limekatwa. Alimwambia baba yake, baba akateremka kwenda kuangalia. Mahali ilipokuwa imesimama nguzo ya mwaloni iliyoshika kamba za upande wa Orlin, alikuta shimo tu, na alama za minyororo kwenye matope, na Estill Napier akichoma takataka. Estill alikuwa na miaka ishirini na saba, mwenye mashine ya kupasua mbao iliyokuwa hatua mia moja kutoka darajani, upande mto unakotoka. Mashine yote ilikuwa imepona. Maji yalikuwa yamefika kwenye magurudumu yake, yakasimama, halafu yakashuka kwa ghafla.

“Pole sana, Mzee,” Estill alimwambia baba yake Lovada, huku amevua kofia. “Mto huu hauna adabu.”

Baba alirudi nyumbani akakaa jikoni na viatu vyake vya matope. “Wewe una masikio tu, mwanangu,” alisema. “Na masikio hayasimami mahakamani.” Hakulizungumza tena jambo lile mpaka alipokufa.

Basi Lovada akabaki nalo peke yake. Aliolewa na Troy Slone, mtu mpole wa mgodini, akazaa mtoto mmoja wa kiume ambaye naye, kama watoto wengi wa bonde lile, alikwenda Ohio kutafuta kazi ya kiwanda na kuanza kurudi mara mbili kwa mwaka, na hatimaye mara moja. Alilima maharage na mahindi, alichimba mizizi ya dawa milimani, alishona mablanketi ya viraka ambayo watu walikuja kuyanunua kutoka mbali. Ukimwona ungesema ni mwanamke kama wengine. Estill, kwa upande wake, alinenepa. Mbao zake zilijenga nusu ya nyumba za Viney. Alipofika umri wa kuitwa Mzee Napier, serikali ya wilaya ilijenga daraja la zege pale pale lilipokuwa la zamani, na kwa kuwa Estill ndiye aliyetoa kiwanja daraja linaposhukia, wakalipa jina lake, wakaliandika kwenye kibao cha shaba. Daraja la Napier.

Lovada hakuwahi kulivuka. Hata siku moja. Duka lilikuwa ng'ambo, na daktari, na posta. Alivuka kwa kiboti kidogo cha mbao alichokiunda Troy, na maji yakiwa makali alitembea maili mbili mpaka Hazel Shoals ambako mto ni mpana na kina chake hakizidi goti. Watu walidhani anaogopa urefu. Aliwaacha wadhani hivyo.

Lakini hayo yalikuwa mambo madogo. Jambo kubwa alilifanya akiwa na miaka ishirini na saba, na hakuna aliyelijua, hata Troy.

Alijiunga na kanisa.

Kanisa la Orlin ni nyumba nyeupe ya mbao, haina kengele, haina kinanda, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na wahubiri wanaimba mahubiri yao mpaka jasho linawatona kwenye viatu. Si watu wa kuingia haraka. Kijana anaweza kuhudhuria maisha yake yote bila kuwa mshirika. Wanaume hasa hungoja mpaka nywele ziwe nyeupe na kifua kianze kukoroma, ndipo siku moja wanasimama wakilia na kuomba kupokewa na kubatizwa mtoni. Na hapo ndipo sheria inapokuja. Hakuna anayepokewa ila kwa sauti zote. Msimamizi huuliza, “Kanisa lina amani?” na kimya ndicho kibali. Mshirika mmoja akisema hapana, awe mwanamume au mwanamke, tajiri au mwokota makaa, mlango umefungwa.

Lovada alikuwa amekaa viti vya nyuma na mama yake, akasikia swali hilo likiulizwa kwa ajili ya mzee mmoja, na wazo likamwingia taratibu na kukaa, kama paka anayechagua kiti. Estill naye atazeeka. Estill naye ataogopa. Atakuja kwenye mlango huu, kwa sababu hakuna mlango mwingine kwenye mto huu, na mimi nitakuwa ndani.

Mwezi uliofuata alisimama, akaomba kupokewa. Alisimulia jinsi moyo ulivyomlemea, na sehemu kubwa ilikuwa kweli. Msimamizi wa siku zile akamuuliza kama anavyoulizwa kila mtu: “Una neno lolote dhidi ya mtu yeyote aliye hai, dada?”

“Sina,” alisema Lovada.

Wakambatiza mwezi wa Februari, wakivunja barafu kwa shoka.

Akangoja. Miaka ikapita, na Lovada akawa mshirika mzuri kuliko wengi, wa kwanza kufika na wa mwisho kufagia. Dessie, mke wa Estill, alijiunga mapema, na mara moja kwa mwaka, siku ya kutawadhana miguu, wanawake wanapofungana taulo kiunoni na kupiga magoti mbele ya wenzao, Lovada alimtawadha Dessie. Alimpenda Dessie. Alikuwa na miguu midogo yenye vidole vilivyobanana, na kila mara maji yalipomgusa alicheka kidogo. Lovada aliipangusa miguu ile polepole huku akiwaza: mumeo, mumeo, mumeo. Dessie alipokufa, alimlilia kweli. Akaendelea kungoja.

Alikuwa na miaka sabini na moja Estill alipokuja.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, majani ya milima yamegeuka rangi zote za moto. Mzee aliingia katikati ya wimbo, mfupa na fimbo, wakati kiongozi anautupa mstari na kanisa zima linauvuta kwa ule uimbaji mrefu wa kuburura. Mwisho wa mahubiri alisimama, sauti inatetemeka, akasema anataka kwenda nyumbani akiwa msafi. Wanaume wakamkumbatia, wanawake wakalia. Lovada alikaa amekunja mikono, na uso wake ulikuwa umetulia hata Zettie, binamu yake aliyekaa pembeni, akamgeukia mara mbili.

Shauri lake liliwekwa Jumamosi ya kikao cha Novemba.

“Una nini wewe?” Zettie alimuuliza katikati ya wiki, wakiwa kibarazani wanamenya matufaha ya kukausha. Zettie alikuwa na miaka sitini na nane, meno manne, na ulimi usio na kufuli. “Tangu Jumapili unatabasamu kama bibi harusi. Umepata mchumba?”

“Nimepata.”

“Mungu wangu! Nani? Usiniambie ni yule mwenye mguu wa plastiki kule Kambi.”

“Menya matufaha, Zettie.”

“Namenya. Lakini nakujua, Lovada. Mara ya mwisho kukuona na uso huo, ulikuwa umemwekea nyoka mkavu kwenye sanduku la barua yule mtu wa umeme.”

“Alikata mti wangu wa mcheri.”

“Miaka sita baadaye ulimwekea! Mtu mwenyewe ameshasahau, ameanza kukupungia mkono barabarani!” Zettie alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Halafu akaacha. Aliangalia chini mtoni, kwenye kibao cha shaba kilichokuwa kinang'aa juani, akaangalia tena uso wa binamu yake. “Ni Estill,” alisema.

Lovada alichukua tufaha jingine.

“Jamani, Lovada. Bado? Mzee mwenyewe amebaki pumzi tatu.”

“Hershel alibaki na ngapi?”

“Hukuona. Ulisikia tu.”

“Nilisikia.”

Zettie aliokota kisu, akakipangusa kwenye aproni. “Mimi sikuambii kitu,” alisema. “Ila nakuomba ufikirie vizuri kabla hujafungua mdomo mle ndani. Kikao kikifunguliwa huwezi kukifunga.”

“Nimefikiria miaka arobaini na minne.”

“Hiyo ndiyo inanitisha,” alisema Zettie.

Siku mbili kabla ya kikao alikuja Jerlene, binti wa Estill, mpishi wa shule, na keki ya matufaha makavu yenye tabaka saba mikononi. Hakuketi mpaka alipoambiwa mara tatu.

“Shangazi,” alisema, maana wote wa umri wake walimwita hivyo, “sijui nianzeje. Baba amenituma. Yaani, hajanituma. Anasema ni wewe peke yako anayekuogopa.”

“Mimi? Kibibi kama mimi?”

“Anasema ukikubali wewe wote watakubali. Hataki kuniambia kwa nini. Shangazi, halali. Namsikia anaamka, ananiita, anataka niwashe taa zote. Halafu nikiziwasha ananiambia nizime ile moja. Namuuliza, ipi, Baba? Anasema, ile ya ng'ambo. Kuna mtu ng'ambo ana taa, anasema. Anaitikisa. Mwambie aache kuitikisa.” Jerlene alijifuta macho kwa kiganja. “Ng'ambo hakuna taa, Shangazi. Ni kichaka tu pale. Daktari anasema ni dawa.”

Lovada alikuwa ameshika kisu cha kukatia keki. Alikiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Miaka yote ile alikuwa amemwachia Estill jambo moja, na alikuwa hajui hata kama amemwachia. Alikuwa amedhani Estill hakujua. Kwamba aliona mashine yake inazama, akakata, na hakuna mtu kwenye dunia yake alfajiri ile ila yeye na mbao zake. Alikuwa amemchukia kama mtu anavyomchukia dereva mlevi. Sasa aliiona taa. Aliiona inatikiswa kutoka kushoto kwenda kulia, ng'ambo ya maji ya udongo, nipo, nakuja, subiri. Na Estill akainua shoka akiitazama.

“Shangazi? Umekuwa mweupe.”

“Ni moshi wa jiko,” alisema Lovada. “Mwambie baba yako nitakuwepo Jumamosi. Mwambie nisingekosa hata kwa ugonjwa.”

Jerlene alimkumbatia na kwenda zake akiwa mwepesi. Keki ile Lovada aliipelekea kuku. Walikula tabaka zote saba.

Jumamosi kanisa lilijaa. Msimamizi alikuwa Ndugu Banner Amburgey, fundi wa magari wa siku sita na mhubiri wa siku ya saba, mikono myeusi ya grisi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda, mtu wa haki mpaka anachosha. Aliomba, wakaimba, akafungua kikao. Estill alikuwa kwenye kiti cha mbele, Jerlene nyuma yake. Alisimulia habari za moyo wake kwa maneno machache na vikohozi vingi: dhambi za ujana, mke mwema ambaye yeye hakumstahili, hofu. Watu wakaitikia. Mtu mmoja upande wa wanaume akalia kwa sauti.

“Mmemsikia,” alisema Ndugu Banner. “Ndugu huyu anaomba kupokewa kwa ubatizo. Nauliza kama inavyoulizwa. Kanisa lina amani?”

Lovada alisikia moyo wake ukipiga polepole, kwa raha. Aliacha kimya kikae kidogo. Aliacha Estill aanze kupumua.

Akasimama. “Halina,” alisema.

Vichwa vyote viligeuka. Zettie alifumba macho.

“Dada Lovada,” alisema Ndugu Banner, kama mtu aliyepigwa mpira kichwani. “Una neno na ndugu huyu?”

“Ninalo. Daraja la kamba halikuchukuliwa na mafuriko. Alilikata. Alilikata kwa shoka kuokoa mashine yake, na kaka yangu akiwa ng'ambo. Akaing'oa nguzo kwa farasi, akaichoma, na baba yangu akimwangalia.”

Kelele zilipanda kama kuku walioingiliwa na mbweha. Mzee mmoja alipiga kelele, “Hayo mambo ya zamani!” na mwanamke mmoja akamjibu, “Mauti ya nani ni ya zamani, Hobart? Yako?” Ndugu Banner aligonga meza kwa kitabu cha nyimbo mpaka wakanyamaza.

“Ndugu Estill,” alisema. “Ni kweli?”

Estill hakunyanyuka. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. “Namhurumia Lovada,” alisema. “Siku zote nimemhurumia. Mto ndio ulichukua daraja. Kila mtu wa umri wangu anajua hivyo.”

“Kila mtu wa umri wako amekufa,” alisema Lovada. “Ndugu Banner, muulize habari ya taa.”

“Taa gani?”

“Yeye anaijua. Muulize nani alikuwa anaitikisa.”

Fimbo ilianguka. Iligonga sakafu, ikabingirika mpaka chini ya kiti cha wanawake, na hakuna aliyeinama kuiokota. Jerlene alikuwa amegeuza uso kumtazama Lovada, mdomo wazi, na Lovada aliona jambo likipanda machoni mwa yule mama, pole pole, kama maji yanavyopanda ngazi za nyumba. Lakini Jerlene hakusema kitu. Alikuwa binti wa Estill.

“Sijui taa,” alisema Estill. Hakuna aliyemsikia vizuri.

Kama Lovada angeketi hapo, ingekuwa imekwisha. Sauti yake moja ilitosha. Estill angerudi nyumbani na taa yake, angeamka nayo, angekufa nayo. Zettie alimvuta sketi aketi. Lakini hasira ya nusu karne si kitu kinachoketi kwa kuvutwa sketi, na Ndugu Banner, kwa ile haki yake ya kuchosha, aliuliza swali ambalo msimamizi lazima aulize.

“Dada, neno hili umekuwa nalo tangu lini?”

“Tangu lini!” alisema Lovada, na sauti yake ikajaa nyumba. “Tangu nina miaka kumi na tisa. Unafikiri nilikuja humu kufanya nini? Nilikuja kumngoja. Miaka arobaini na minne nimekaa kwenye kiti hiki nikimngoja aingie kwenye ule mlango!”

Alisikia maneno yake baada ya kuwa yameshatoka. Aliyasikia kwa jinsi mkono wa Zettie ulivyoachia sketi yake na kwenda mdomoni.

Ndugu Banner alikaa. Kisha akasimama tena, maana msimamizi hawezi kuongoza akiwa amekaa. Alionekana kama mtu anayelazimika kumvunjia mama yake mlango.

“Ulipopokewa, dada,” alisema, “uliulizwa kama una neno na mtu yeyote. Ulijibu nini?”

Alikuwa amepanga kila kitu. Alikuwa amepanga mahali pa kusimama, na nguo, na jinsi atakavyoacha kimya kikae. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba lile swali linaweza kugeuka na kumtazama yeye.

“Nilisema sina,” alijibu.

“Na kila mwaka siku ya kutawadhana miguu, swali hilo linaporudiwa?”

“Nilinyamaza.”

Sheria ya Orlin haina huruma kwa yeyote, na wanaipenda kwa sababu hiyo. Aliyeingia kwa uongo hajaingia. Waliomba. Walilia, wengine wakamshika mabega. Halafu Ndugu Banner, machozi yakimtiririka kwenye ndevu, akauliza kanisa kama lina amani kuondoa jina la Lovada Slone kwenye kitabu mpaka atakapojirekebisha, na kanisa likanyamaza. Zettie alinyamaza mwisho. Kwanza alisema “Mimi sijui, jamani, sijui,” halafu akanyamaza. Lovada alichukua koti lake. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia Ndugu Banner akirudia swali la kwanza, la Estill. Hakukuwa na sauti ya kulijibu. Yake ndiyo ilikuwa sauti, nayo ilikuwa inafunga vifungo vya koti.

Akateremka kwenye boti lake. Alipiga makasia mpaka katikati ya mto, akaacha boti lizunguke lenyewe, na pale ambapo hakuna mtu wa kumwona alilia kwa uchungu mkali, si kwa kufukuzwa, bali kwa kuwa amemfungulia Estill mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili walimbatiza. Watu wasingengoja majira ya joto, mzee asingeyafikia. Lilikuwa dimbwi lile lile alimobatizwa Lovada, sasa chini ya daraja la zege, maji ya kijani ya Novemba, ukungu unatambaa juu yake, na Orlin yote ukingoni, maana washirika na wasio washirika wote huja kwenye ubatizo. Lovada naye alikuja. Watu walimwachia nafasi pande zote mbili, kama mtu aliyevaa nguo yenye rangi mbichi.

“Rudi nyumbani,” Zettie alimnong'oneza, huku amemshika kiwiko. “Umeshalala chini, Lovada, usijichimbie shimo.”

“Nimekuja kutoa mkono,” alisema Lovada. “Si desturi?”

Kiongozi akatupa mstari, watu wakauvuta, wimbo ukaenda chini na mto. Ndugu Banner na mwenzake walimshika Estill kila mmoja upande wake, wakaingia. Maji yalimfika magotini, kiunoni. Hapo alisimama. Alikuwa anaangalia ng'ambo, kwenye kichaka. Ndugu Banner alimwambia kitu, akamsukuma taratibu, akatangaza maneno, wakamlaza. Akapotea chini ya maji kwa muda wa kuhesabu mbili, nywele zake nyeupe zikafunguka juu ya maji. Kisha wakamwinua, akitweta, na ukingo mzima ukapiga kelele za furaha.

Jerlene alimfunika blanketi. Hakumtazama usoni wakati anamfunika.

Halafu desturi ikafuata: aliyebatizwa hupita mbele ya watu, maji bado yanamtiririka, na kila aliye ukingoni humpa mkono wa kuume. Estill alipita akishikiliwa, anatetemeka meno, na kwa kila mkono alioushika uso wake ulifunguka kidogo zaidi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa anafanana na mtu mwepesi. Hata alikuwa anatabasamu alipomfikia Lovada.

Tabasamu likasimama. Watu wa karibu wakaacha kuimba.

Lovada alinyoosha mkono wake. Estill aliutazama, halafu akaweka wake ndani yake, kwa sababu hakuna mtu wa Orlin angeweza kufanya vingine mbele ya watu wote. Mkono ulikuwa baridi na laini kama kitu kilichotolewa chini ya jiwe. Lovada hakuuachia. Alimvuta karibu, na mkono wa kushoto akamzungushia shingoni, juu ya blanketi lililolowa, na mtu fulani nyuma akasema “Asante Mungu,” na Zettie akaanza kulia kwa furaha.

Mdomo wa Lovada ulikuwa sikioni mwa mzee. Alizungumza kwa upole, kwa sauti ndogo ambayo hata Jerlene aliyemshika mkono wa pili hakuisikia, sauti ya mtu anayemlaza mtoto.

“Mimi niliingia kwenye maji haya na uongo mdomoni, Estill. Hayamsafishi mwongo.”